"Answer" ni nomino au kitenzi? Jibu kwa msomaji wa Dodoma

"Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi idara ya ununuzi katika ofisi moja hapa Dodoma, na barua pepe zetu nyingi ni za Kiingereza. Mwezi uliopita bosi alinirudishia barua niliyoandika 'Please advice', akaniambia advice ni nomino. Nikakubali. Wiki hiyohiyo mwanangu wa kidato cha pili akaniuliza kama 'answer' ni nomino au kitenzi. Nikafungua kamusi, nikakuta ni vyote viwili. Work vyote viwili, help vyote viwili, report vyote viwili. Sasa kwa nini advice isiwe? Nimeanza orodha kwenye daftari, nomino upande huu na vitenzi upande ule, lakini kila siku inaharibika kwa kuwa neno moja linataka kukaa pande zote. Je, Kiingereza hakina kanuni? Nikariri yote? Halafu mwenzangu ofisini huniambia 'record' naitamka vibaya, nami sioni kosa liko wapi. Naomba unieleweshe taratibu, shule nimemaliza zamani."

Marahaba, mdogo wangu. Hujauliza jambo dogo, na hata walimu wa Kiingereza huulizana hilohilo. Ndani ya barua yako kuna maswali matatu: kwa nini answer liruhusiwe kufanya kazi mbili ilhali advice limekatazwa, kama kuna kanuni au ni kukariri tu, na record lina nini hata mwenzako alisikie vibaya. Yote nitayajibu, ila kwanza nikuombe uliweke kando hilo daftari la pande mbili. Tatizo si kumbukumbu yako. Daftari hilo linakiuliza Kiingereza swali ambalo hakiwezi kulijibu.

Mwanao akikuuliza tena kama answer ni nomino au kitenzi, muulize nawe: katika sentensi gani? Huko si kumkwepa, ndiyo njia ya kulifikia jibu. Likiwa peke yake ubaoni, answer halijawa hiki wala kile. Sentensi ndiyo inayolipa kazi.

Kwetu tuliokulia katika Kiswahili jambo hili linasumbua kwa sababu tumezoea neno lijitambulishe lenyewe. Ukiona wimbo, mwimbaji au uimbaji, unajua ni nomino, hata ngeli yake unaijua. Ukiona anaimba, tuliimba au wataimbiana, unajua ni kitenzi, tena umeshaambiwa nani anaimba na lini. Huna haja ya kutazama neno la jirani. Kiingereza cha leo hakina viambishi vya namna hiyo, isipokuwa vichache vya mwishoni kama -s, -ed na -ing. Lakini usidhani ni ugeni mtupu. Mwambie mwanao: "Hesabu hesabu zako vizuri." Neno la kwanza ni kitenzi, la pili ni nomino, herufi ni zilezile, na hakuna mtoto atakayechanganyikiwa. Maneno kama jibu, hukumu, dharau, ripoti na rekodi yako hivyohivyo. Tofauti ni kwamba kwetu shina la kitenzi husimama tupu hasa katika amri. Ukishasema nimehesabu au walimhukumu, kiambishi kinarudi na utata unakwisha. Kwa Kiingereza, neno tupu ndiyo hali ya kila siku.

Zamani haikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, jibu lilikuwa andswaru na kujibu kulikuwa andswarian. Upendo ulikuwa lufu, kupenda lufian. Mwisho ulikuwa ende, kumaliza endian. Kile kiishio -an kilitosha kukuonyesha kwamba hapa pana kitenzi. Lakini Waingereza walikuwa wakitia mkazo mwanzoni mwa neno, na silabi za mwisho zikawa zinatamkwa kwa ulegevu, kizazi baada ya kizazi, mpaka zikafifia. Mshairi Chaucer alipofariki mwaka 1400, vitenzi vingi bado viliandikwa na -en au -e mwishoni. Kufikia Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, viishio hivyo vilikuwa vimekwisha. Andswaru na andswarian yakabaki neno moja, answer. Lufu na lufian yakabaki love. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Na watu waliposhazoea mamia ya jozi za namna hii, wakaona hakuna ubaya kuichukua nomino yoyote na kuifanyisha kazi ya kitenzi bila kuiongezea kitu. Ndipo zikaja to bottle, to hammer, to salt, to phone, na siku zetu hizi to google.

Basi msomaji wa Kiingereza hutambua kazi ya neno kwa kutazama jirani zake. Tazama sentensi hizi mbili:

The teacher's answer was short.
The teachers answer every letter.

Zisome kwa sauti. Maneno matatu ya kwanza yanasikika sawasawa kabisa, kwa kuwa teacher's na teachers hutamkwa namna moja. Sikio linalazimika kungoja. Likija was, ujue answer lilikuwa nomino: jibu la mwalimu lilikuwa fupi. Likija every letter, yaani kuna kitu kinachojibiwa, ujue lilikuwa kitenzi: walimu hujibu kila barua. Maandishi yanakusaidia kwa ile alama ndogo ya umiliki, ndiyo maana kuikosea si jambo dogo kama watu wanavyolichukulia.

Kwa kawaida nomino hutanguliwa na the, a, my, this, no, kivumishi, au vihusishi kama of na for. Kitenzi hutanguliwa na mtendaji kama I, they au the manager, au na will, can, must, don't. Mitego mikubwa iko miwili. Wa kwanza ni to. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba baada ya to huja kitenzi, na mara nyingi ni kweli, lakini linganisha I want to work na I go to work. La kwanza ni kutaka kufanya kazi. La pili ni kwenda kazini, na hapo work ni nomino, kama ambavyo ungesema I go to church. Mtego wa pili ni -s: katika she works ni alama ya kitenzi, katika road works ni wingi wa nomino. Hata wenyewe Waingereza hujikwaa. Wape sentensi The old man the boats uone wanavyorudi nyuma kuisoma upya. Macho yanaona mzee mmoja, kumbe the old ni wazee kwa jumla, na man ni kitenzi chenye maana ya kuhudumu chomboni.

Sasa turudi kwa bosi wako. Amesema kweli: kwenye barua ile ilipaswa kuwa Please advise. Ulivyofikiri kuna mantiki, maana ikiwa answer na help hufanya kazi mbili, kwa nini advice lisifanye? Sababu ni kwamba nomino hugeuzwa kuwa kitenzi kwa urahisi pale tu ambapo hakuna neno jingine lililokwisha kuishika kazi hiyo. Answer halina mpinzani. Advice linaye, naye ni advise. Kwa sababu hiyohiyo husemi I want to success, sentensi ambayo naisikia mno kwa wahitimu wetu, kwa kuwa succeed lipo na kazi inafanywa nalo. Choice haliwi kitenzi kwa sababu ya choose. Food kwa sababu ya feed. Death kwa sababu ya die. Loss kwa sababu ya lose. Proof na belief kwa sababu ya prove na believe, na kinyume chake pia: usiandike this is my believe.

Katika jozi hizi kuna kundi moja linalostahili uangalifu wako zaidi, kwa sababu ndilo lililokuponza. Katika Kiingereza cha Kale, sauti za f, s na th zikiwa katikati ya irabu zilitamkwa kwa ghuna, yaani kama v, z na dh. Kitenzi kilikuwa na kiishio chenye irabu, hivyo konsonanti yake ilijikuta katikati. Nomino iliishia kwenye konsonanti yenyewe. Baadaye kiishio kikafa, lakini athari yake kwenye konsonanti ikabaki. Ndiyo sababu nomino bath huishia na th ya thamani na kitenzi bathe huishia na dh ya dhamana. Breath na breathe vivyo hivyo, half na halve. Advice na advise yalitoka Kifaransa, nayo yakafuata mkumbo huo: nomino kwa s, kitenzi kwa z. Weka kidole kooni useme advise, utasikia mtetemo mwishoni ambao advice halina. Sisi tuna bahati, kwa kuwa Kiswahili kinazo s na z, f na v, th na dh, hivyo sikio letu tayari limefunzwa. Tunachokosa ni kuambiwa tu kwamba tofauti hiyo ina kazi.

Mara nyingine tahajia haikuambii kitu. House kama nyumba huishia na s, kama kitenzi cha kumpa mtu makazi huishia na z. Use na excuse ni hivyohivyo: unasema excuse me kwa z, lakini that is no excuse kwa s. Practice na practise hutamkwa sawa, tofauti ni ya tahajia tu: katika tahajia ya Uingereza, ndiyo inayofundishwa Tanzania na Kenya, nomino ina c na kitenzi kina s. Licence na license pia. Wamarekani wao huandika practice na license kwa kazi zote mbili, kwa hiyo ukiyaona hivyo kwenye barua kutoka Marekani usidhani wamekosea. Na kwa kuwa tumelitaja advice, usiliweke kwenye wingi. Advices haikubaliki. Andika some advice au a piece of advice.

Kuhusu record, mwenzako anasikia kitu halisi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara: re-KO-di, ku-re-KO-di. Hatubadilishi mkazo ili kubadili aina ya neno, ndiyo maana unapoambiwa umekosea huoni kosa. Kiingereza hubadilisha. Nomino ni RE-cord, mkazo mwanzoni na e inasikika wazi. Kitenzi ni re-CORD, mkazo mwishoni na ile silabi ya kwanza inafifia, inakaribia ri. Ukiyatamka yote kwa namna moja, msikilizaji aliyezaliwa na lugha hiyo hulazimika kusita kidogo kukutafuta.

Kwa idara yako jambo hili si pambo. CON-tract ni mkataba, con-TRACT ni kuingia mkataba. PER-mit ni kibali, per-MIT ni kuruhusu. IM-port na EX-port ni bidhaa au biashara yenyewe, im-PORT na ex-PORT ni kuagiza na kuuza nje. IN-crease ni ongezeko, in-CREASE ni kuongeza. Wakati mwingine hata maana zinaachana kabisa: OB-ject ni kitu na ob-JECT ni kupinga, PRE-sent ni zawadi na pre-SENT ni kuwasilisha. Mkondo huu una asili yake. Kiingereza tangu zamani kilipenda mkazo mwanzoni mwa nomino, lakini kwenye vitenzi vyenye kiambishi mbele, kama forgive na begin, mkazo ulibaki kwenye mzizi. Maneno mengi yaliyokuja kutoka Kilatini na Kifaransa yalivutwa taratibu kwenye mtindo huo. Katika karne ya 16 jozi kama hizi zilikuwa chache mno, record na rebel zikiwa miongoni mwake, na tangu hapo zimezidi kuongezeka.

Lakini usiibebe kanuni hii kupita mipaka yake. Report, supply, purchase, invoice, order, answer, control na support hazibadiliki mkazo hata kidogo. Nasikia watu wakisema RE-port kwa bidii ya kufuata kanuni, na hapo bidii imewapotosha. Estimate yenyewe ina namna yake: mkazo haugusi kitu, ila kitenzi huishia kwa sauti ya -eit iliyo wazi na nomino huishia kwa -ət iliyofifia. Na kuna maneno kama research na address ambayo hata wazungumzaji wenyewe hawakubaliani, hivyo mtu akiyatamka tofauti na wewe usihangaike kumsahihisha.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami nisingependa upite bila kulijua, ni kwamba neno likigeuzwa kazi halibebi maana yake yote. A book ni kitabu, lakini to book ni kukata nafasi, na kwenye mpira ni mwamuzi kumwonyesha mchezaji kadi ya njano. A chair ni kiti, to chair ni kuongoza kikao. To father a child ni kumzaa, lakini to mother a child ni kumlea na kumdekeza. To salt ni kutia chumvi, ila to skin ni kuondoa ngozi, wala hakuna kiambishi kinachokuonyesha kama kitu kinatiwa au kinatolewa. Ujuzi wa mambo ndio unaokuambia. To dust lina pande zote mbili: kupangusa vumbi mezani, au kunyunyizia unga wa dawa shambani. Angalia sana to table. Kwa Waingereza, na kwa mabunge yaliyofuata desturi zao, ni kuwasilisha hoja mezani ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia makamanda wa pande hizo mbili walibishana muda mrefu kwa sababu ya neno hilo, ilhali wote walitaka kitu kimoja, na Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliliandika tukio hilo. Kama ofisi yenu ina wafadhili wa Kimarekani, epuka neno hilo kabisa na useme present au postpone.

Pengine umesikia wazee wa lugha wakilalamika kwamba vijana wa leo wanaigeuza kila nomino kuwa kitenzi. Malalamiko hayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1789 Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia mwanakamusi Noah Webster kulalamikia vitenzi vipya vilivyomkera, vikiwemo to notice, to advocate na to progress. Leo hakuna anayevishangaa. Nasi tunafanya hivyo kila siku tunapomwambia mtu "ni-inbox" au "nita-google". Hata hivyo, kwa barua za ofisi nakushauri uwe mwangalifu. An invite badala ya an invitation, an ask badala ya a request, na please action this ni lugha ya mazungumzo au ya kampuni fulani. Wapo wanaozipenda, wapo zinaowaudhi. Bosi anayerudisha barua kwa ajili ya advice yaelekea hatazipenda. Kwenye mtihani wa mwanao zisiandikwe kabisa.

Kuhusu kukariri, nitakuambia ninavyoona. Orodha ndefu ya maneno yenye kazi mbili haikufai, kwa kuwa haina mwisho na kila siku inaongezeka. Orodha fupi ya yale yasiyogeuzwa, yaani advice na advise, success na succeed, choice na choose, proof na prove, belief na believe, loss na lose, breath na breathe, hiyo ikariri, kwa sababu ni chache na ndizo zinazoharibu barua. Yaliyobaki jifunze kwa sentensi. Ukikutana na neno jipya, andika sentensi nzima mbili badala ya neno moja: moja likiwa nomino, nyingine likiwa kitenzi. Kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Kiingereza-Kiswahili hukuonyesha n kwa nomino na vt au vi kwa kitenzi, na inatosha kwa maana. Kwa matamshi tafuta kamusi ya wanafunzi kama ya Oxford au Cambridge, ambazo ziko bure kwenye simu. Mbele ya silabi yenye mkazo huweka alama ndogo iliyosimama juu ya mstari, na ukibonyeza kipaza sauti unasikia nomino na kitenzi kila kimoja kwa sauti yake. Programu za kusahihisha barua husaidia kukamata advice, lakini haziaminiki pale ambapo maneno yote mawili yapo kwenye kamusi na kosa liko kwenye maana. Zitumie, kisha soma barua yako mwenyewe kabla ya kubonyeza tuma.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia. Kama umesikiliza kamusi kwa wiki kadhaa na bado RE-cord na re-CORD zinasikika sawa kwako, usiendelee kuhangaika peke yako. Tafuta mwalimu mkae ana kwa ana, hata saa chache tu, akusikilize wewe ukitamka, kwa kuwa kosa la mkazo mtu hawezi kulikamata kinywani mwake mwenyewe. Kuhusu mwanao, swali lake ni la mtoto anayefikiri, halinitii wasiwasi. Wanafunzi wengi wa kidato cha pili bado wanakizoea Kiingereza kama lugha ya masomo yote baada ya miaka ya msingi kwa Kiswahili. Ila mpe aya moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza azisome kwa sauti. Akisoma Kiswahili vizuri na kukwama kwenye Kiingereza, anahitaji mazoezi na vitabu vyepesi. Akikwama kote kuwili, akiruka herufi au kupotea mstari hata katika Kiswahili, basi hapo shida si nomino na vitenzi. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake wa lugha, na umpeleke akapimwe macho kabla muhula haujafika mbali.